Macho Yaliyokataa Kutulia

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kikundi, mniombee sauti isikatike.

Nilikuwa napalilia mihogo kwetu Nyanungu, macho yakaanza kurukaruka. Si kope, ni mboni zenyewe, huku na kule, siwezi kuzizuia. Nikiangalia, shamba lote naliona linatetemeka. Haukupita muda nikawa nayumba nikitembea. Wengine wakanong'ona kwamba nakunywa gongo. Mama mkwe akasema hapana, huyu amerogwa, tena na mtu wa humuhumu nyumbani.

Ndugu zangu, nawaambia, neno lile liliniingia. Humuhumu nyumbani ni nani kama si mke mwenzangu? Akileta uji, nawamwagia kuku. Akisema, "Mdogo wangu, twende hospitali," najiuliza, mbona yeye ndiye mwenye haraka? Nilikubali kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea kunishika mkono. Safari nzima mpaka Mwanza sikugusa maji yake.

Daktari akamulika macho, kisha akataka kunipima matiti. Nikakaza kanga.

"Nimeleta macho. Matiti yanakuhusu nini?"

Nikamtazama mwenzangu. Wamepanga hawa?

Akasema, "Mwache apime. Mimi sitoki hapa."

Kivimbe kilikuwepo, kidogo, hakiumi. Wakachukua kinyama cha kupima, majibu yakaja: saratani. Daktari akanieleza, "Mama, kinga ya mwili wako imeiona saratani, ikaanza kupigana nayo. Lakini inakosea, inapiga pia sehemu ya ubongo inayoongoza macho."

Akasema lazima kivimbe kikatwe. Sikumwamini. Nilidhani wanatafuta mtu wa kukata tu. Nikamuuliza mwenzangu, "Ingekuwa wewe?"

Akalia mbele ya watu. "Ningekatwa leo," akasema. "Ukifa, watoto wako watanililia mimi, na mimi siwezi kuwa wewe."

Hapo nikakubali.

Wakaondoa kivimbe, wakanipa dawa za kutuliza ile kinga, dripu za kuua saratani zikafuata, nywele zikaisha. Macho yakatulia polepole. Nikichoka bado yanaruka kidogo, nami nashtuka: imerudi? Sikai na hofu hiyo moyoni, naenda kliniki.

Namshukuru Mungu na daktari yule. Akina mama, mwili ukifanya jambo msilolielewa, ushukuni mwili kwanza, kabla ya kumshuku mtu. Jipapaseni matiti, hata kama kinachosumbua ni macho. Na mke mwenzangu amekataa nimtaje. Basi niseme hivi tu: kidonda changu hiki cha upasuaji, yule niliyemwogopa ndiye aliyekiosha mpaka kikapona.