Anaishia Saba

FUNDI BARAFU: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA PACHA: Mimi, shemeji. Mama Pacha.

FUNDI BARAFU: Aa, shemeji! Za siku nyingi? Pacha hawajambo?

MAMA PACHA: Wazima, wako shule. Shemeji, lile sanduku mlilotengeneza na marehemu mume wangu –

FUNDI BARAFU: Kompyuta yake ya kurekodia? Imefanyaje?

MAMA PACHA: Inatoa jasho.

FUNDI BARAFU: Inatoa nini? Sikupati –

MAMA PACHA: Jasho! Maji yanachuruzika ndani. Niliona barafu imeganda kwenye bomba, nikasema niiyeyushe. Nimezima mota kule stoo, nikaacha kifuniko wazi.

FUNDI BARAFU: Umeiyeyusha? Kama friji ya jikoni?

MAMA PACHA: Si mlifunga mota ya friji wenyewe? Mimi ningejuaje?

FUNDI BARAFU: Mungu wangu! Ule ubaridi tuliuweka badala ya feni, shemeji, isipige kelele akirekodi. Joto likiingia pale, maji yanajikusanya kwenye – [mtandao unakwaruza] – kompyuta yenyewe umeizima?

MAMA PACHA: Bado.

FUNDI BARAFU: Chomoa waya! Sasa hivi!

MAMA PACHA: Siwezi.

FUNDI BARAFU: Huwezi vipi?

MAMA PACHA: Anaongea.

FUNDI BARAFU: Nani anaongea?

MAMA PACHA: Nilikuwa nafuta vumbi, nikagusa vibonye, akaanza. Anajaribu maiki. Subiri nikusogezee simu. [sauti ya mwanamume kwa mbali, inahesabu, inakohoa] Umemsikia?

FUNDI BARAFU: Ndiye. Masikini, ndiye kabisa.

MAMA PACHA: Anahesabu, anaishia saba. Kikohozi kinamkaba, halafu inarudi moja. Miezi mitatu sijaisikia sauti hii. Nikichomoa, mimi ndiye nitakuwa nimemnyamazisha.

FUNDI BARAFU: Usipochomoa, maji yatamnyamazisha moja kwa moja. Hadithi zote alizowasomea pacha zimo humo, hakuna nakala popote. Nilimwambia azihamishe, si unamjua?

MAMA PACHA: Mbishi yule!

FUNDI BARAFU: Mbishi wa kutupwa. Chomoa, iache ikauke, usiiguse tena. Diski nitakuja kuitoa mwenyewe.

MAMA PACHA: Kwenye msiba hukuja.

FUNDI BARAFU: Sikuja. Kile chumba kilinishinda, shemeji. Ukimya wake niliutengeneza kwa mikono hii. Nikiwaza kuingia mle na yeye hayumo... nisamehe.

MAMA PACHA: Safari hii utakuja kweli?

FUNDI BARAFU: Nakuja leo leo. Chomoa basi –

MAMA PACHA: Salio langu nalo linaisha. Haya, nimeshika waya. Tano... sita... ngoja afike.

FUNDI BARAFU: Shemeji, maji hayangoji!

MAMA PACHA: Saba. [kishindo kidogo] Nimechomoa. Taa zake zote zimezimika.

FUNDI BARAFU: Umefanya la maana. Pole sana, shemeji yangu.

MAMA PACHA: Asante. [sauti hafifu] Unasemaje?

FUNDI BARAFU: Sijasema kitu.

MAMA PACHA: Umesema nane.

FUNDI BARAFU: Si mimi. Mbona nami nimeisikia, nikadhani ni wewe –

MAMA PACHA: Shemeji.

FUNDI BARAFU: Waya uko mkononi mwako?

MAMA PACHA: Uko mkononi, ninao huu hapa. Shemeji, hakohoi tena. Njoo, njoo upesi, amefika tisa –

[Salio limekwisha.]