Bosi Akisema, Mikono Inafupika

Benchi liko nje ya kibanda changu cha fotokopi, ng'ambo ya barabara kutoka karakana ya kushona makoti ya madaktari. Nimelinunua mimi, lakini siku hizi naomba nafasi kama wengine. Pale penye kivuli ni pa Mheshimiwa, aliyekuwa karani mkuu kabla ya kustaafu. Anafuata Wembe, kinyozi wa jirani, halafu Geti, mlinzi wa ghala la mbao, ambaye hukalia nusu tako. Mchana ule Sindano, fundi wa pale karakana, alikuja na fomu mkononi, macho mekundu. Siku mbili kabla, bosi alikuwa amepima makoti aliyoshona na kusema mikono ni mifupi kwa sentimita mbili. Akiweka sahihi kukubali, hilo ni kosa la tatu, na kosa la tatu ni kufunga virago. Fomu inatakiwa mezani saa nane. Alitaka kopi kwanza. Mashine yangu haikimbizwi, ikiwashwa inataka kupata moto, kwa hiyo nikammiminia kahawa akae.

WEMBE: Pole, dada. Amekutolea maneno mbele ya watu?

SINDANO: Mbele ya cherehani zote. Miaka kumi na sita nashona, lakini aliposema tu "mifupi," nikaamini palepale! Nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu macho yangu yameharibika. Lakini jana nikapima...

MHESHIMIWA: Ngoja, binti yangu. Hapo umegusa jambo la kitaalamu. Mpwa wangu anasoma chuo. Ananiambia kuna watu wanapiga picha ubongo wa mtu anapokosolewa. Aliye chini, neno linamshtua kichwa kizima. Aliye juu, kimya. Kama vile hajaambiwa kitu.

GETI: Hilo halihitaji picha, mzee. Ubongo una geti. Mimi hapa likija gari la bosi, nafungua kabla hajapiga honi. Simpekui, simuulizi. Ukija kwa miguu, nakuandikisha jina, namba ya simu, unamwona nani, na bado nakwambia katoka.

WEMBE: Kwa hiyo kichwani mwangu kuna wewe?

GETI: Ndiyo, na huyo hana likizo!

Tulicheka. Sindano alicheka kidogo, akaangalia saa ya simu yake. Saa saba na nusu.

SINDANO: Sawa, jamani, ila mimi nilipima...

WEMBE: Subiri, dada, nimalizie. Mimi vichwa ndiyo kazi yangu. Kuna jamaa nimemnyoa akiwa karani wa mapokezi, na namnyoa leo akiwa meneja. Kichwa kilekile, mashine ileile. Mlio umebadilika! Zamani ilikuwa zzz, sasa ni grrr. Mfupa umeongezeka nyuma ya sikio.

GETI: Acha uongo.

WEMBE: Haki ya Mungu. Cheo kinaota mfupa. Juzi nikamwambia, bosi, hapa una upara unaanza. Hakusikia! Nikamwambia mbeba mizigo maneno hayohayo, akanunua kofia siku ileile.

MHESHIMIWA: Wembe anatania, lakini mimi ni shahidi. Miaka thelathini ya kazi, mke wangu akiongea nilikuwa naona midomo tu inatembea. Siku ya tatu baada ya kustaafu, nikaanza kumsikia. Kumbe nakoroma! Kumbe natafuna kwa kelele! Nililia, wanangu. Mfupa ulikuwa umeyeyuka.

GETI: Basi dawa ni wote tupewe vyeo. Nchi nzima mameneja.

MHESHIMIWA: Nani atamsikia mwenzake sasa? Hapana. Binti yangu, weka sahihi. Omba radhi kwa upole. Ubongo wa bosi wako haupokei kitu kutoka chini, ndivyo ulivyoumbwa.

SINDANO: Lakini mzee, nilipima kwa...

MHESHIMIWA: Nisikilize kwanza.

Kulikuwa na mtu amesimama pembeni, fundi bomba, mgeni mtaani, anangoja duka la vipuri lifunguliwe. Muda wote alikuwa akitusikiliza.

— Samahani, wakubwa, alisema. Huyu dada amesema amepima. Amepima nini?

Wembe alimtazama Geti. Geti alinitazama mimi. Mheshimiwa alikoroga kahawa yake, na mle ndani hamkuwa na sukari ya kukoroga.

SINDANO: Nimepima makoti yaleyale. Kwa futi yangu ya kupimia, kwa futi ya mwenzangu wa cherehani ya pili, na kwa rula ya chuma ya mkata vitambaa. Mkono ni sentimita sitini kamili, kwa vyote vitatu. Kwa futi ya bosi tu ndiyo unasoma hamsini na nane. Ile futi ni ya kitambaa, ya zamani, anaivuta kila siku mpaka imelegea. Imerefuka. Kila kitu anachopima yule mtu ni kifupi!

MHESHIMIWA: Sasa mbona hukusema mapema?

SINDANO: Nimesema mara tatu, mzee.

Halafu akanigeukia mimi, mwenye benchi, niliyekaa karibu naye kuliko wote.

— Na wewe hukunisikia?

Nilimsikia. Mara zote tatu. Ila Mheshimiwa alikuwa anaongea, na mimi nikaona anayeongea ndiye anayejua. Niliona aibu hadi masikio yakawaka, na nikamjibu kweli: nilisikia, nikanyamaza.

Hakunigombeza. Alichukua kalamu yangu, akailaza fomu juu ya goti, na pale pa sahihi akaandika kwa herufi kubwa: SIJAKOSEA. LETENI RULA YA CHUMA.

— Nitolee tano, alisema. Moja ya bosi, nne nazibandika ukutani, kila mwenye cherehani asome.

Nilizitoa. Akavuka barabara kwa mwendo wa mtu anayekwenda kudai chake. Kwenye benchi Mheshimiwa alikohoa, akajiweka sawa pale kivulini.

MHESHIMIWA: Sasa, kitaalamu, tatizo la yule binti ni kwamba...

GETI: Mzee, hebu nyamaza kidogo.