Trei ya Mwisho ya Mama Mikate

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Mama Mikate, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na kiwanda cha nguo. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano, na wenzake wote wamemtangulia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Baba yake alipofariki mwaka 1970, masomo yalikatika, naye akapelekwa kwenye duka la mikate la mtaani kuosha trei. Alipenda kusema kwamba aliacha shule wiki moja kabla ya somo la sehemu, ndiyo maana hakuwahi kukata mkate vipande vikalingana.

Katika duka hilo alifanya kazi miaka thelathini na tisa, mpaka akawa mwokaji mkuu. Mkate wa jana hakuutupa. Jumamosi jioni alikuja nao nyumbani, akaukata slesi nene na kuzipanga kwenye trei iliyopakwa siagi. Katikati alitia ndizi mbivu, matofaa na zabibu kavu, kisha akamimina mayai yaliyopigwa pamoja na maziwa na mdalasini. Mkate ulilala humo ukinywa maziwa. Jumapili saa tatu na nusu trei iliingia kwenye oveni, na saa tano ilikuwa mezani, chai ya asubuhi na chakula cha mchana kwa mpigo. Sharti lilikuwa moja tu: kisu hakigusi trei mpaka kila mtu wa nyumba awe ameketi.

Mumewe alikuwa fundi wa oveni. Alikuja dukani kutengeneza oveni mara tatu katika wiki moja, msimamizi akamjia juu: "Hivi hii oveni inaumwa nini?" Fundi akajibu, "Oveni nzima, bosi. Mgonjwa ni mimi." Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa binti, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, na mwana, ambaye ni dereva wa lori. Fundi alifariki mwaka 2011.

Februari 2022 chakula kilianza kumkwama marehemu kooni. Ilikuwa saratani ya umio. Mwana alitaka mama yake apasuliwe. Binti alisema mwili wake hautahimili. Walirushiana maneno kwenye korido ya hospitali, marehemu akiwasikia kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. "Basi mtunze mwenyewe!" alisema mwana, akaondoka. Binti akamtunza mwenyewe. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko cha chai, na kila siku aliyofanya hivyo alizidi kumchukia mdogo wake.

Ugomvi huo na yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Binti ameyaongeza kwa kalamu leo asubuhi.

Jumamosi, tarehe 4 Novemba 2023, marehemu aliomba trei iandaliwe. Alielekeza akiwa kitandani, na ndizi aliziponda mwenyewe kwa uma. Kisha akasema, "Mpigie mdogo wako. Mwambie kesho, saa tano."

Binti alitoka uani na simu. Alisimama kidogo, akarudi ndani.

"Nimempigia, Mama."

Hakuwa amepiga. Alitaka Jumapili moja iwe yake peke yake, baada ya miezi ishirini ya kuamka na kulala na ugonjwa ule. Hana sababu nyingine ya kuwaambia.

Kesho yake marehemu aliketi mezani ameegemezwa mito. Saa tano ikapita, na saa sita. Binti alipochukua kisu, marehemu alimshika mkono.

"Labda yuko safarini."

"Kula, Mama, unapoa."

"Nitakula akija."

Saa nane mkate ulikuwa umeshapoa na kukauka pembeni. Marehemu akasema taratibu, "Kumbe hasira yake haijaisha." Aliomba arudishwe kitandani. Hakuonja hata kidogo.

Jumatatu binti alikuwa na siku nzima ya kusema ukweli. Alifua shuka, akatupa kilichokuwa kwenye trei. Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 7 Novemba, saa moja asubuhi, akiamini kwamba mwanawe aliitwa na akakataa.

Ameacha binti mmoja, mwana mmoja, wakwe wawili na wajukuu watatu. Mwana amesimama hapa mbele, na haya anayasikia sasa kwa mara ya kwanza, kama ninyi.

Mdogo wangu, nimekukosea, na huyu niliyemkosea zaidi siwezi tena kumwomba radhi.

Pumzika, Mama. Hakukataa kuja. Sikumwita.