Nati Ambayo Mzee Tena Hakuikaza

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, vuteni viti. Leo tunamkumbuka fundi umeme wa magari ambaye mtaa mzima tulimwita Mzee Tena. Hakuna kazi aliyoimaliza bila kusema, "Hebu tuangalie tena." Ukimpelekea gari asubuhi, ulijua jioni unarudi kwa miguu. Mimi yamenikuta.

Mzee Tena alikuwa anajenga ndege. Ndiyo, ndege, ya watu wawili, kwenye gereji nyuma ya nyumba yake. Majirani walimcheka, wakaiita pangaboi yenye mabawa. Yeye anaendelea na kazi. Alikuwa anamjengea binti yake, aliyekuwa anajifunza urubani.

Lakini starta ilimnyima raha. Starta ndiyo inayozungusha injini mpaka iwake, na injini ya ndege imeshika panga mbele, lile linalozunguka na kuivuta ndege. Panga halimjui mtu. Mzee alihofia swichi ya starta isije ikaganda, uachie kitufe na panga liendelee kuzunguka. Kwa hiyo akaweka swichi nyingine ya kukata betri, karibu na mkono wa rubani, na taa nyekundu ya kuonya kwamba starta bado ina umeme. Na kabla ya kugusa nyaya alichomoa betri. Kila mara, betri kwanza.

Siku moja mchana, akiwa ameinama kwenye injini, kifua kikambana. Akaweka spana chini, akakimbizwa hospitali. Binti yake anasimulia: "Alinishika mkono, akaniambia, usiwashe, kuna nati sijaikaza. Nikamuuliza, ipi baba? Akafumba macho." Hakuamka tena.

Nati moja, na hakuna aliyejua ni ipi. Baada ya mazishi mama wa yule binti akataka ndege iuzwe kama chuma chakavu. "Nimeshazika mmoja," alisema. "Sina nguvu ya kuzika wawili." Binti akamjibu, "Niache niitafute, mama. Nisipoiona, tutaiuza."

Akachomoa betri. Akapita waya kwa waya. Kwenye swichi, imekazwa. Kwenye starta, imekazwa. Mama kasimama mlangoni roho juu, haondoki. Mimi nilikuwa nimekwenda kutoa pole tu, nikajikuta nashika tochi.

Aliikuta nyuma ya injini, kwenye waya mnene wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Ilikuwa imeshikwa kwa vidole tu. Injini ingewashwa hivyo, umeme ungetafuta njia nyingine, pengine kupitia kebo inayoongoza mafuta ya injini, na kuiunguza. Niliogopa, sitawaficha. Binti akaikaza, kisha akarudia nyaya zote tangu mwanzo.

Kesho yake wakaitoa ndege nje, wakaweka kabari kwenye magurudumu, wakafunga mkia kwa kamba. Sote tukasogezwa nyuma. Binti akarudishia betri, akapanda, akabonyeza kitufe. Panga likazunguka, injini ikawaka. Akaachia kitufe, na taa nyekundu ikazimika. Swichi ya starta haikuganda.

Yule mama, wasikilizaji, hakuwa ametoa chozi tangu mazishi. Akakaa palepale chini. "Haya mwanangu, zima," akasema. "Sasa niacheni nimlilie mume wangu."

Poleni sana, mama na binti. Tuko pamoja nanyi. Na wewe unayetusikiliza, kama kuna kazi umeiacha nusu na mwenzio ndiye atakayeishika, mwambie leo, ungali na sauti.