Kumuaga Bibi Mwajabu, Aliyetufundisha Kusoma Tusiyoyajua

Mtemi wetu, Bwana Akida, Padre, Mwalimu Gideoni uliyesimamia mtihani wetu, wazee wa Makole na Nzuguni, mama zangu, ndugu zangu Waislamu na Wakristo mlioacha mavuno ya uwele mkaja hapa: wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Na wewe Bibi Mwajabu binti Abbasi, mgeni wetu kutoka Kondoa uliyekaa nasi miaka mitatu, ambaye keshokutwa unapanda gari la moshi kumfuata mumeo, mnyapara wa reli, huko Tabora, nimekusalimu mwisho kwa sababu maneno yangu yote yaliyobaki ni yako.

Mimi ni Sila, mwana wa Matonya, wa Nzuguni. Nadhani nimepewa nafasi hii kwa kuwa ndimi mwanafunzi niliyemchosha Bibi kuliko wote. Mwaka juzi nilikwenda kufanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Nilijiona msomaji hodari. Kitabu chetu cha darasani nilikijua chote, na watu walikuja nyumbani kunisikiliza. Mwalimu Gideoni akanipa ukurasa nisiopata kuuona. Nikasimama wima, nikakohoa, nikasoma kwa sauti kubwa habari za fisi na mbuzi. Nilipomaliza akaniuliza kwa upole, "Sila, mbuzi yuko wapi hapa?" Ukurasa ule ulieleza namna ya kuchimba kisima.

Nani kati yenu amewahi kugundua, akiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, kwamba hajui kabisa jambo analosifiwa? Nilirudi nyumbani. Mke wangu Ruthu ndiye aliyesikia sokoni kwamba mke wa mnyapara anajua kusoma. Kwamba baba yake, karani wa wafanyabiashara Kondoa, alimfundisha herufi za Kiarabu na hizi za Kizungu pia. Nikasema naona aibu kufundishwa na mwanamke. Ruthu akanijibu, "Aibu gani tena iliyobaki, baba Seth? Nenda."

Bibi alinipokea uani. Akamsikiliza fisi wangu mpaka mwisho, kisha akatandaza majivu juu ya ungo, akaandika kwa kidole, akasema, "Soma." Nikatoa jasho. Nikaunganisha herufi moja moja, jua likapanda, mpaka nikapata: Mkeo amekufuata. Nikageuka. Ruthu alikuwa amesimama mlangoni!

Ndugu zangu, majivu yaliniambia jambo nisilolijua. Bibi akasema, "Kaka yangu, ulikuwa unakumbuka. Leo umesoma."

Tangu siku ile nilikwenda kwake mara tatu kwa wiki. Tulisoma maandishi ya makasha kule stesheni, tulisoma barua za mumewe, tulisoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa chumvi. Ikaja zamu ya kuandika, akanikataza kunakili chochote. "Niletee jambo lisilo katika kitabu chochote," akasema.

Nikamwomba mama yangu, Loisi, ambaye yuko hapa na ameniruhusu kulisema hili. Akanieleza habari za mwaka wa njaa, alipokwenda kwa miguu hadi Kondoa kutafuta nafaka, mimi nikiwa mgongoni, na dada yangu Tabu akitembea kando yake. Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa na dada. Tabu alifia njiani. Mama alimzika kwa mikono yake, akaendelea na safari ili nisife na mimi.

Niliandika siku nne. Nikamchukua mama tukaenda wote. Bibi akaipokea karatasi, akaisoma kwa sauti. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Ghafla akamshika Bibi mkono.

"Ulikuwapo?"

"Sikuwapo, mama."

"Basi nani amekwambia kwamba mtoto wangu aliomba maji?"

"Mwanao ameyaweka hapa."

Mama akaipapasa karatasi. Akasema, "Rudia hapo anapotajwa jina." Bibi akarudia. Akarudia mara tatu. Mimi niliogopa kama mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kuvua viatu, kwa maana mtoto aliyenyamaziwa miaka ishirini na mitano alikuwa akiitwa jina lake na mtu ambaye hakupata kumwona.

Mwaka huu nilirudi kwenye mtihani, nikasoma polepole, nikajikwaa, lakini nilisoma kilichokuwapo. Nimefaulu. Jumatatu naingia chuoni.

Lakini kwa heshima yenu, sitashuka kabla sijalisema hili. Baada ya mtihani, Bibi aliomba aone maswali yale. Akakaa juu ya kigoda chetu, akayajibu yote kabla Ruthu hajaivisha ugali. Mwalimu Gideoni, wewe mwenyewe uliikagua karatasi yake. Ulikuta kosa? Hukukuta hata moja. Na chuo hakipokei wanawake. Nilimuuliza Bibi kama jambo hilo halimuumi. Akasema, "Linaniuma. Kesho njoo mapema."

Bibi, sina zawadi inayolingana na hayo. Lakini Raheli wa Nkuhungu, uliyemfundisha pamoja nami, anasoma na kuandika vizuri kuliko mimi. Padre, Mwalimu, mwakani Raheli atapiga hodi chuoni, na mimi nitakuwa ndani. Nawaambia mbele ya Mtemi na mbele ya watu hawa wote: nitasimama, nitakwenda kumfungulia.

Safari njema, mwalimu wangu. Nanyi nyote, kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, nasema asanteni sana.