Nani Aliunga Mtambo Namba Mbili

Ndugu, majirani, na nyote mliopanda hadi kanisani licha ya theluji hii, mimi ni Synnøve, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, nami naomba mnivumilie, kwa kuwa karatasi niliyoshika ina mahali pamoja ambapo hadi asubuhi ya leo sikujua niandike nini.

Baba yetu, Torleiv Haugane, alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 hapa Vassdal, akiwa mtoto wa tatu wa Nils na Gjertrud, akasoma shule ya bondeni hadi mwaka 1955, akaenda Bergen kujifunza ufundi umeme, na tarehe 1 Agosti 1962 akaajiriwa katika kituo chetu cha umeme chini ya maporomoko. Tarehe 19 Juni 1965 alimwoa mama yetu, Borghild, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Øystein.

Kazi yake aliipenda mno, hata mama akawa anasema ameolewa uke wenza na mtambo. Alitufundisha mezani, kwa kijiko na kikombe cha kahawa, kwamba maji yanazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha sumaku kubwa katikati ya nyaya za shaba, na humo ndimo umeme unamozaliwa, lakini kuzaliwa si kazi, kazi ni kuungana na wenzake, kwa maana gridi ya taifa ina mwendo wake, na mtambo mgeni hauungwi mpaka uende mwendo uleule, kwa nguvu ileile, kwa hatua ileile. Siku hizi kompyuta ndiyo inayounga, ila zamani walikuwa watu wawili, mmoja akitazama sindano ikizunguka kwenye kipimo cha ukutani kilichofanana na saa na kusema "sasa" inapokaribia juu kabisa, mwenzake akizungusha swichi. Wakikosea, gridi nzima huukamata mtambo na kuupinda mhimili wake.

Ijumaa tarehe 12 Februari 1971, saa nne asubuhi, mtambo namba mbili uliungwa sindano ikiwa chini. Mhimili ulipasuka, bonde likakosa umeme siku tatu katika baridi ile, kiwanda cha mbao kikalala hadi majira ya joto, na baba, aliyekuwa kiongozi wa zamu, akaandika daftarini kwamba kosa ni lake. Alihamishiwa bwawani kuondoa barafu kwenye wavu wa kuchujia maji, akakaa huko miaka kumi na tisa, nasi shuleni tukaitwa watoto wa Torleiv Giza. Baadhi yenu mliotuita hivyo mmeketi hapa.

Mwaka 2019 alianza kuugua moyo. Oktoba mwaka huu, akiwa amelazwa, aliniita karibu akaniambia, "Andika kwamba mimi nilisema 'sasa' mapema, mwanangu. Aslak alinitii tu." Nikaandika. Jumatatu tarehe 8 Novemba 2021, saa tano asubuhi, akafariki mikononi mwa mama.

Jumatano, Aslak Bråten, mwenzake wa zamu ile, aliyekuja kuwa mkuu wa kituo, aliingia jikoni kwangu, hakugusa kahawa, akasema, "Baba yako hakutamka neno. Mimi nilizungusha kabla hajafungua mdomo. Mke wangu alikuwa mjamzito, niliogopa kufukuzwa, na yeye akasema ataandika jina lake." Kisha akalia, akaniomba nisome hayo mbele yenu.

Nimechanganyikiwa, ndugu zangu, wala sioni aibu kusema. Watu hugombana kukwepa lawama, hawa wawili wanaigombea. Daftari la kituo nimelisoma mara tatu, lina saini ya baba tu, haliniambii kama sauti ilitoka au haikutoka. Kila Jumapili kwa miaka hamsini Aslak alikuja kwetu wakacheza karata, nami nikidhani ukimya ule ni wa karata. Nikimwamini baba, huyu mzee amejitesa bure. Nikimwamini Aslak, baba aliniongopea akiwa kitandani, na utoto wangu wote nilimwonea haya mtu asiye na kosa, na hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe.

Mzee Aslak, nakuona umesimama. Keti, tafadhali, sijamaliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa, majirani walioondoa theluji mlangoni kwetu bila kuombwa, na wafanyakazi wa kituo wa zamani na wa sasa. Tunakushukuru na wewe, Mzee Aslak, kwa sababu ni kazi kubwa kuja kila Jumapili kukaa mbele ya mtu unayemwonea haya, na nadhani hata yeye haikuwa rahisi kwake kukufungulia mlango.

Baba, uliniagiza nisome kwamba kosa lilikuwa lako peke yako. Sijawahi kukukatalia jambo, leo nakukatalia. Nani alikosea sijui, na mnaojua ni wawili, wewe husemi tena, na mwenzako simwachi aondoke hapa na mzigo huo peke yake. Pumzika kwa amani, na hilo kosa utuachie sisi.