Bi Coletha Thadeo Akabidhi Funguo za Maabara

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, Bi Coletha Thadeo, fundi sanifu wa maabara wa shule yetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Wanafunzi wanamfahamu zaidi kwa jina la Mama Miwani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwasha moto wala kumimina tindikali mbele yake bila miwani ya kinga usoni.

Alizaliwa Munisagara, binti wa mfanyakazi wa reli. Kituo chake cha kwanza mwaka 1991 kilikuwa sekondari moja ya Mikumi, na huko alipata somo ambalo chuo hakikumfundisha. Siku moja nyani aliingia stoo kupitia dirishani, akachagua chupa ya glukosi kati ya chupa arobaini, akaondoka nayo. Bi Coletha hucheka hadi leo akisimulia, lakini huwa anamalizia kwa uso mkavu kwamba chupa iliyokuwa pembeni ya ile ilikuwa na sumu. Wiki ile ile aliomba wavu wa dirisha, na kila chupa akaiandikia lebo upya kwa mkono wake.

Alihamia kwetu Kilosa mwaka 1998. Alikuta kemikali zilizopitwa na muda zimerundikwa kwenye maboksi, na mpango wa kuzimwaga mtoni. Alikataa. Aliwaeleza wakubwa kwamba ng'ambo ya pili kuna akina mama wanaomwagilia mchicha kwa maji yale ya Mto Mkondoa. Aliandika barua, akajibiwa kwamba suala linashughulikiwa, akaandika nyingine. Ilichukua miaka minne hadi gari lilipokuja kuzichukua kwa utaratibu, na muda wote huo maboksi hayo yalikaa chini ya kufuli, yakikaguliwa kila Jumatatu.

Hakuwa na sheria za wakubwa na za wadogo. Mkaguzi mmoja aliingia maabara akinywa soda. Bi Coletha alimwamkia vizuri, "Shikamoo mzee," na alipoitikiwa marahaba akaongeza, "Naomba soda yako ikusubiri nje." Mzee yule alitoka nayo, akaimalizia kwenye varanda huku mkuu wa shule akiangalia pembeni.

Lipo tukio moja ambalo wengi hawalijui. Januari 2010 Mkondoa ulipofurika, asubuhi maji yaliingia uwanja wa chini wa shule, ilipokuwa maabara. Darasa linalopakana nayo lilikuwa limejaa wanafunzi wa kidato cha kwanza, pamoja na akina mama waliokimbia na watoto mgongoni. Bi Coletha alikuwa amehamishia kemikali zote rafu za juu tangu Novemba. Alipohesabu kwenye daftari, ikapungua chupa moja: sodiamu, madini laini yanayohifadhiwa ndani ya mafuta ya taa, ambayo yakigusana na maji huwaka na kulipuka.

Alimgeukia mwalimu mpya wa kemia, Cornel, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu.

"Mwalimu, sodiamu iko wapi?"

Mwalimu akautazama mlango.

"Sikuulizi ili nikulaumu. Iko wapi?"

"Rafu ya chini, karibu na mlango. Jana sikuirudisha. Na kifuniko... sina hakika kama nilikikaza."

Bi Coletha hakupandisha sauti. Alimtuma awatoe watu wote wa darasa la jirani na kuwapeleka mlimani, ofisini. Yeye akavaa miwani na glavu, akafunga kanga kiunoni, akaingia. Maji yalikuwa yamefika kwenye vigimbi vya miguu. Mwalimu Cornel, akiwa mlimani na watoto wale, alihesabu kila hatua ya kutoka kwake: chupa kifuani, mkono mmoja juu ya kifuniko, anapapasa njia kwa unyayo. Chupa ilikuwa imebakiza vidole viwili tu iguswe na maji. Aliizika ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, akakaa chini kwenye ngazi za ofisi. "Nileteeni chai," alisema.

Maji yalipopungua, alimwita Cornel na kumwekea mbele daftari la matukio na kalamu.

"Andika mwenyewe. Usipunguze."

"Mama, mkuu akisoma hii nitafukuzwa."

"Nitakuwa nimekaa pembeni yako akisoma."

Akakaa kweli. Mkuu wa shule alisoma ukurasa ule mara mbili, akamkanya mwalimu vikali, kisha akaidhinisha kabati la chuma la kufunga kwa funguo mbili. Bi Coletha hakulitaja jambo hilo tena, si kwa utani wala kwa hasira. Kwa miaka kumi na tano Cornel amefundisha sodiamu kila mwaka, na kila mwaka ameshindwa kusema neno alilopaswa kusema siku ile. Mama, asante. Na unisamehe.

Jumatatu iliyopita Bi Coletha alimkabidhi funguo Irine, fundi mpya, binti aliyekuwa mwanafunzi wake. Irine alisimama mlangoni kwa woga.

"Mama, nianzie wapi?"

"Fungua madirisha kwanza, mwanangu. Hewa ipite. Ndipo uguse kitu."

Bi Coletha alisubiri hadi dirisha la mwisho lilipofunguliwa, akavua koti lake jeupe, akalikunja, akatoka.

Bi Coletha, wapo manesi, wakulima na walimu waliopita mikononi mwako na bado wanaona kwa macho yote mawili. Nenda Munisagara ukalime, ulale bila kuwaza kufuli. Shule yako inakushukuru, na inakuombea siku nyingi, njema na tulivu.